Oscar Hakuzaliwa wa Kijani

Jumamosi moja jioni stima ilipotea Manyatta yote, hapa Kisumu. Mpwa wangu, aliye gredi ya kwanza, akaniomba simu. Bando ilikuwa imebaki kidogo, nikamtafutia vipande vya zamani vya Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha Marekani kilichoanza Novemba 1969. Katika kipande kimoja cha msimu wa kwanza akatokea Oscar, yule anayeishi ndani ya pipa la taka na ambaye kununa ndiko kunakompa raha. Lakini Oscar huyo alikuwa na manyoya ya rangi ya machungwa. Mtoto akasimamisha video. Oscar anayemjua yeye ni wa kijani. Tukamtafuta wa kijani, akamkagua, akarudi kwa yule wa kwanza, kisha akanirudishia simu pamoja na uamuzi wake: "Shangazi, huyu ni ndugu yake."

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu watu wazima nao hukwama papo hapo. Mtu anakutana tena na kikaragosi alichokipenda utotoni, anaona rangi si ile, sauti si ile, hata tabia imegeuka, naye anasema wamemharibu. Nami nimewahi kusema hivyo. Mimi ni mwalimu wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivaa kikaragosi mkononi mbele ya watoto, kobe anayeitwa Opuk. Kwa hiyo nayajua malalamiko hayo nikiwa mtazamaji, na nayajua nikiwa mwenye mkono. Mtu akisema "amebadilika" huwa amefunga mambo kadhaa kwenye furushi moja, na kila jambo lina sababu yake. Hilo furushi ndilo ninalotaka tulifungue.

Watoto wetu huita kila kitu katuni. Katuni huchorwa, na aliyechorwa leo anaweza kuchorwa vile vile baada ya miaka 30. Kikaragosi kina mtu ndani yake. Mtu huyo huchoka, hupata mafua, huzeeka, hufa. Kitambaa nacho hupauka kwa taa za studio, na sponji ya ndani hukauka mpaka ikapukutika kama unga wa mahindi. Kikaragosi cha televisheni kinachodumu miongo mingi huwa kimeshonwa upya mara nyingi, na kila fundi anayekishona anakiona kwa jicho lake.

Mfikirie Kermit, yule chura. Jim Henson, mtengenezaji na mchezeshaji wa vikaragosi wa Marekani, alimtengeneza mwaka 1955 kwa ajili ya kipindi kifupi cha televisheni mjini Washington. Ngozi yake ilitoka kwenye koti kuukuu la mama yake Henson, na macho yalikuwa mpira mmoja wa tenisi ya mezani uliokatwa nusu mbili. Siku niliposoma habari hiyo nilihisi niko nyumbani. Opuk wangu alitoka soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye rundo la mitumba: mkono mmoja wa sweta ya sufi yenye rangi kati ya kijani na udongo. Kinywa ni kipande cha katoni kilichokunjwa katikati na kufunikwa kitambaa chekundu. Macho ni vifungo viwili vya koti ambavyo havikuwahi kulingana. Yule Kermit wa kwanza sasa amehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, na ukimtazama utashangaa, kwa sababu hakuwa chura. Alikuwa kiumbe tu, kinakaribia mjusi. Uchura ulimjia miaka ya 60, alipopewa miguu ya chura na ile kola ya ncha ncha shingoni. Wengi wanaodai kumtaka "Kermit wa asili" hawajawahi kumwona huyo wa asili, nami nadhani wakimwona hawatamtambua.

Oscar ndiye rahisi kueleza. Msimu wa kwanza alikuwa wa rangi ya machungwa, wa pili akaja kijani, basi. Hadithi waliyopewa watoto ni kwamba alikwenda likizo kwenye kinamasi chenye unyevunyevu mwingi, akalala, akaamka kijani. Nilimweleza hivyo mpwa wangu. Akauliza, "Kama Dunga?" Nikamwambia ndiyo, kama Dunga, penye mafunjo. Akaridhika, na habari ya ndugu ikaisha. Mtoto wa miaka sita hatishwi na mabadiliko. Anataka tu apewe njia iliyoyaleta.

Sasa tuingie ndani zaidi, kwa Big Bird, yule ndege wa manjano mwenye urefu wa karibu mita mbili na nusu na manyoya ya bata mzinga takriban 4,000 yaliyopakwa rangi. Kuzaliwa kwake kunafundisha mengi. Mwezi Julai 1969, kabla kipindi hakijaanza kurushwa, waandaaji walipeleka vipindi vya majaribio kwa watoto wa Philadelphia. Wataalamu wa saikolojia walikuwa wameshauri kwamba vikaragosi visichanganywe na watu halisi, watoto wasije wakachanganyikiwa. Kwa hiyo sehemu za mtaani, yaani kwenye mtaa wa kubuni wa kipindi, zilikuwa na watu peke yao. Watafiti walikaa wakiangalia macho ya watoto, huku kando ya televisheni picha nyingine zikibadilika kila baada ya sekunde chache ili kuona mtoto atageuka lini. Vikaragosi vikiwa kwenye kioo, macho yalitulia. Watu wa mtaani walipobaki peke yao, macho yakahama. Waandaaji wakaacha ushauri wa wataalamu wakafuata macho ya watoto. Henson akatengeneza viumbe wawili wa kuishi mtaani pamoja na watu: Big Bird na Oscar.

Bibi yangu alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo bila mtambo wowote. Tukikusanyika siwindhe, nyumbani mwa bibi, usiku kusikiliza sigana, yaani hadithi, Apuoyo, yule sungura mjanja, hakuwa yule yule kila siku. Tukiwa tumeshinda tukipigana, usiku ule ujanja wa sungura ulimponza. Tukiwa na huzuni, sungura alishinda mpaka fisi akakimbia uchi. Dani, yaani bibi, alitusoma nyusoni kwa mwanga wa kibatari, naye mhusika akageuka palepale mdomoni mwake. Hatukuwahi kumwambia ameharibu sungura. Televisheni ndiyo iliyotuletea wazo kwamba mhusika ana toleo moja la kweli, kwa sababu inaweza kukuonyesha la mwaka 1969 na la mwaka huu kwa dakika moja.

Big Bird wa msimu wa kwanza alikuwa mshamba. Namaanisha hivyo hasa: ndege mkubwa mzito wa akili, wa kuchekesha kwa kujigonga na kutoelewa, mwenye manyoya machache kichwani kama mzee anayepata upara. Caroll Spinney, aliyekuwa ndani yake, alisoma hati moja akaona haimwelekei. Akawaambia waandaaji kwamba ndege huyu awe mtoto, anayekosea kwa sababu bado anajifunza. Wakakubali. Kichwa kikaongezewa manyoya, macho yakapata upole, na taratibu akawa mtoto wa miaka sita. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko la rangi ya Oscar, ila kwa kuwa lilikuja kidogo kidogo hakuna aliyelalamika. Watoto waliokuwa wakimcheka wakaanza kufuatana naye.

Nataka kukaa kidogo ndani ya ndege huyo, maana hapo ndipo nilipoelewa jambo la sauti. Spinney aliinua mkono wa kulia juu kabisa ya kichwa chake. Mkono huo ndio uliokuwa shingo na kichwa cha ndege. Vidole vilifungua mdomo, na kidole cha mwisho kilisogeza kope. Mkono wa kushoto uliingia kwenye bawa la kushoto. Bawa la kulia halikuwa na mkono ndani: liliunganishwa na la kushoto kwa mshipi wa kuvulia samaki uliopitishwa chini ya shingo, la kushoto likishuka la kulia likapanda. Ni uzi wa nailoni, wa aina wanayoijua wavuvi wetu wa Dunga. Haoni nje, kwa hiyo alifunga kifuani televisheni ndogo ya kumwonyesha kinachoonekana kwa mtazamaji. Katika hali hiyo atembee, aimbe, atelezeshe viatu vya magurudumu. Ukitaka kupima, inua mkono wako sasa, uache juu dakika tano huku ukizungumza kwa furaha.

Alifanya kazi hiyo tangu 1969. Mwaka 2015, mwili ulipokataa, akabakiza sauti tu, na Matt Vogel, ambaye alikuwa mwanafunzi wake tangu miaka ya 90, akauchukua mwili. Mwaka 2018 Spinney akaiacha na sauti. Alifariki Desemba 2019. Kukabidhiana huko kulichukua zaidi ya miaka 20, kama mpiga nyatiti mzee anayemkalisha kijana kando yake, kijana akapiga harusi moja mbili huku mzee akisikiliza, mpaka siku mzee hafiki na wimbo unaendelea.

Kermit hakupata bahati hiyo. Henson alikufa ghafla tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53, hakuna aliyekuwa ameandaliwa. Familia yake ikamwomba Steve Whitmire amchukue chura. Whitmire alikaa naye mpaka 2016, kisha Vogel akaingia. Ukisikiliza Kermit watatu hao wakifuatana utasikia tofauti, hata kama hujui Kiingereza vizuri. Mimi husikia zaidi katika kucheka.

Miaka miwili iliyopita malaria ilinilaza wiki nzima. Mwalimu mwenzangu akamchukua Opuk. Ni mwalimu mzuri, ana sauti nzuri kuliko yangu, na alijitahidi kuiga ile ya kobe, nzito na ya puani. Watoto hawakusema huyu si Opuk. Mmoja alimwambia mwalimu kwamba Opuk ana homa. Mwingine akakataa kumpa mkono. Niliporudi nikataka kujua kilichokosekana, nikamwomba mwenzangu amchezeshe nikiwa nimekaa nyuma ya darasa. Mtoto akauliza swali, na Opuk akajibu papo hapo. Nikaelewa. Opuk wangu hajibu papo hapo. Hufunga mdomo, huinamisha kichwa kidogo, hutulia, ndipo anajibu. Sikulipanga jambo hilo hata siku moja. Ni mimi ninayetafuta jibu, na mkono wangu hutulia wakati akili inatafuta. Kwa watoto, utulivu ule ndio ulikuwa Opuk. Wao waliona kobe anayewafikiria kabla ya kuwajibu. Sauti mtu ataiga kwa siku tatu. Kituo cha namna hiyo hujifunzwa kwa kukaa na mtu miaka, na mara nyingi hata mwenyewe hajui kwamba anacho.

Ndiyo maana mkono mpya unaweza kumzaa mhusika mpya kabisa. Elmo alikuwepo miaka mingi kama kiumbe chekundu cha pembeni, kisicho na mpango. Watu kadhaa walimjaribu. Richard Hunt, aliyekuwa naye katikati ya miaka ya 80, hakumpenda, akamrushia Kevin Clash. Clash akampa sauti nyembamba ya mtoto mdogo na moyo wa kumpenda kila mtu anayekutana naye. Manyoya yalikuwa yale yale na jina lile lile, lakini aliyezaliwa hapo hakuwahi kuwapo kabla. Mwaka 1996 mwanasesere wake anayecheka akitekenywa aligombaniwa madukani Marekani. Mwaka 1998 akapewa sehemu yake mwenyewe ndani ya kipindi. Clash aliondoka 2012, na Ryan Dillon ndiye amemshika tangu hapo.

Hapa ndipo malalamiko ya watu wazima yana uzito, na nisingependa kuyapuuza. Elmo ana miaka mitatu na nusu. Big Bird ana sita. Elmo aliposogea mbele, mtaa mzima ulishuka umri. Sababu moja ilikuwa ya haki: watoto wa mwaka mmoja na miwili walikuwa wameanza kukalishwa mbele ya televisheni, na kipindi kilichobuniwa kwa wa miaka mitatu hadi mitano kikawapita kimo. Sababu nyingine ilikuwa duka. Mhusika anayeuza wanasesere hupata dakika nyingi, na aliyekuwa na miaka sita na maswali magumu hupungukiwa. Mwaka 2016 vipindi vipya vilianza kurushwa kwanza HBO, televisheni ya kulipia, na urefu ukashuka kutoka saa moja hadi nusu saa. Umiliki nao hufanya kazi yake kimyakimya: Disney ilimnunua Kermit na wenzake mwaka 2004, na tangu hapo ni nadra kumwona chura kwenye mtaa ambao alionekana tangu mwanzo na baadaye akawa akiripoti habari zake. Mtoto anauliza Kermit alihamia wapi. Jibu la kweli ni mkataba, nalo halifai kusimuliwa kama kinamasi.

Tofauti ninayoitafuta ndiyo hiyo. Nikisikia kikaragosi kimebadilika, siku hizi huuliza ni nani aliyetazamwa usoni kabla ya uamuzi, mtoto au mnunuzi.

Chukua Cookie Monster, yule wa buluu anayebugia biskuti. Mwaka 2005, wakati Wamarekani walikuwa na wasiwasi juu ya unene wa watoto, kipindi kiliweka wimbo wa kumwambia kwamba biskuti ni chakula cha mara moja moja. Uvumi ukasambaa kwamba wamemgeuza mla mboga na kumbadilisha jina. Haikuwa kweli; hakuacha biskuti. Jambo lililonivutia zaidi lilikuja mwaka 2013: alianza kufundisha kusubiri. Watafiti walikuwa wamesisitiza kwamba uwezo wa mtoto kujizuia humsaidia shuleni, na nani wa kufundisha kujizuia kuliko yule anayeshindwa mbele ya macho yetu? Anaimba kwamba anaitaka, lakini anangoja, huku mwili mzima unatetemeka. Nilifanya jaribio hilo na Opuk na sahani ya mandazi. Opuk akatetemeka mpaka kifungo kimoja cha jicho kikalegea, na watoto 31 wakapiga kelele, "Ngoja, Opuk, ngoja!" Saa nne ya chai ilipofika walikuwa wamengoja nao pasipo kujua. Biskuti za Cookie Monster, kwa taarifa, hazitengenezwi na mafuta, kwa sababu mafuta huharibu manyoya. Mimi sikulijua hilo wakati ule, na doa la mandazi liko kwenye sufi ya Opuk hadi leo.

Kuna badiliko moja ninalolirudia kila ninapozungumza na wazazi, la Snuffleupagus. Huyu ni kiumbe mkubwa wa kahawia, kama tembo mwenye manyoya marefu, rafiki wa Big Bird, aliyeingia mwaka 1971. Watu wawili humchezesha kutoka ndani. Kila alipokuja, watu wazima walikuwa wametoka, au walikuwa wamegeuka. Big Bird akisema, "Alikuwa hapa sasa hivi," wakatabasamu na kumwambia ni mawazo yake. Kichekesho hicho kiliendelea miaka 14. Watoto nyumbani walimwona Snuffleupagus kwa macho yao. Walijua Big Bird hadanganyi.

Kufikia miaka ya 80, Marekani ilikuwa imeanza kuzungumza hadharani juu ya watoto wanaodhulumiwa kimwili na kingono. Waandaaji wakajiuliza kile kichekesho kilikuwa kinafundisha nini. Kilimfundisha mtoto kwamba ukisema ulichokiona, hata kama ni kweli, hata kama wanakupenda, watu wazima hawatakuamini. Wakaamua kukikata. Mnamo Novemba 1985 watu wazima wa mtaa walimwona Snuffleupagus kwa mara ya kwanza, wakasalimiana naye mmoja mmoja, wakamwambia Big Bird kwamba kuanzia hapo watamwamini.

Kwa upande wa usanii, hapo walitupa kichekesho kilichokuwa kinafanya kazi kwa miaka 14, na wengine watasema waliua fumbo. Mimi nafundisha katika mtaa ambao mtoto akitaja jina la mjomba huambiwa ashike adabu. Nimeona mtoto akianza sentensi na kuimeza kwa sababu mtu mzima alicheka. Ningekitupa kichekesho hicho mara mia. Kila muhula Opuk huwaambia watoto jambo ambalo hakuna aliyeliona, na mimi, mwalimu, najifunza mbele yao kuinama na kumwambia, "Nakuamini, niambie yote." Nambari 116, ya bure, ya kusaidia watoto wa Kenya, iko ukutani kando ya herufi za alfabeti, nao wanaiimba kama wimbo.

Wakati mwingine kumtazama mtoto usoni humaanisha kuacha badiliko. Mwaka 1992 waandaaji walirekodi kipindi ambacho wazazi wa huyo huyo Snuffleupagus wanaachana. Kilikuwa kimeandikwa kwa uangalifu na kupitiwa na wataalamu. Walipokionyesha kwa watoto wa majaribio, watoto hawakushika kwamba baba bado anampenda. Walishika kwamba baba amekwenda. Kipindi kizima, chenye gharama yote hiyo, kikawekwa kabatini, hakikurushwa. Nakiheshimu kipindi hicho kisichorushwa kuliko vingi vilivyorushwa.

Kifo walikipeleka mbele. Will Lee, aliyeigiza Bwana Hooper mwenye duka, alikufa Desemba 1982. Ilikuwa rahisi kusema amehamia mji mwingine. Novemba 1983 Big Bird akaja na picha alizochora za marafiki zake wote, akimgawia kila mtu yake, ikabaki moja ya Bwana Hooper. Watu wazima wakamkumbusha kwamba amekufa, na kwamba aliyekufa harudi. Ndege wa miaka sita akauliza kwa nini iwe hivyo, na hakuna aliyejifanya ana jibu. Huku kwetu mazishi huwa makubwa, turubai, spika, sufuria, watu kutoka Nairobi, na katikati ya shughuli hiyo mtoto aliyefiwa huambiwa baba amesafiri. Atangoja mpaka lini? Mwaka ambao mwanafunzi wangu alifiwa na mama, sikuwa na Bwana Hooper, nilikuwa na Opuk tu. Opuk alisema neno "amekufa" kwa sauti yake ya puani, taratibu, na yule mtoto akaja kukaa karibu naye, si karibu nami, siku nne mfululizo. Opuk hakuwa tena kobe wa kufundisha kuhesabu. Alibadilika siku hiyo, na sijaweza kumrudisha alikokuwa, wala sitaki.

Afrika nayo imeyachangia mabadiliko haya, haikuyapokea tu. Mwaka 2002, Takalani Sesame ya Afrika Kusini ilimleta Kami, kikaragosi wa kike wa miaka mitano, yatima, anayeishi na VVU. Jina lake linatokana na neno la Kitswana lenye maana ya kupokelewa. Baadhi ya wabunge wa Marekani walipata wasiwasi asije akaletwa kwenye televisheni ya watoto wao. Nasi tunaokaa kando ya ziwa, katika kaunti zenye maambukizi mengi kuliko sehemu kubwa ya Kenya, tunajua darasa lisilo na mtoto kama Kami ni darasa ambalo mwalimu hajaambiwa. Jirani zetu wa Tanzania nao walipata Kilimani Sesame, kwa Kiswahili. Mhusika mpya wa aina hii hubadilisha hata wa zamani: akishakuwapo mtaani, kila mwenzake analazimika kuonyesha atamkaribisha vipi.

Opuk sasa ana matatizo ya mwili. Kiwiko cha sweta, yaani shingo yake, kimetoboka, na vidole vyangu huonekana akitazama juu. Nimekata kipande cha sufi kutoka pindo la ndani, ambako rangi haijapauka, nikakiweka kwenye pochi pamoja na nauli. Jumapili hii nitakwenda Kibuye mapema, kabla marobota ya sweta hayajachambuliwa, nilinganishe rangi juani. Mpwa wangu amesema atakuja. Anasema kama hatutapata ile ile, tuchukue ya machungwa. Jumatatu nitamkata na kumshona mezani mbele ya darasa zima, waone mkono wangu ukitoka na ukiingia, na mwenye swali atamuuliza yeye mwenyewe akishapata shingo.